Play Sebuleni: Namna ya Kucheza Michezo ya Video na Watoto Wako Hapa Lubumbashi

Maswali ni yaleyale. Mzazi mmoja anauliza anunue mashine gani, mwingine anauliza michezo ipi haina damu, mwingine anataka kujua afanyeje mtoto akigoma kuzima na bukari (ugali) imeshaiva. Mitaa yote ya mji ni hivyo: wa Katuba wanauliza, wa Bel-Air wanauliza, hata wa Golf wanauliza. Basi nimeyaandika majibu mahali pamoja, hatua kwa hatua, ili mtu aanze bila kupoteza pesa wala amani ya nyumba.

Jambo moja lishike tangu mwanzo, maana hatua zote zinalifuata: Play (PlayStation, mashine ya michezo ya video) ya nyumbani hainunuliwi ili kumnyamazisha mtoto. Inanunuliwa ili mcheze wote. Mzazi asiyeshika maneti (kile kifaa cha mkononi chenye vitufe vya kuchezea) hata siku moja atabaki polisi wa nyumba, kazi yake ni kuzima tu. Anayecheza anajua mechi inaisha lini na mchezo upi haufai, na mtoto anamsikiliza kwa sababu wamo pamoja.

Tena mtoto asiyecheza nyumbani hukimbilia vyumba vya Play vya kartie (mtaa). Kule analipa kila mechi, anakaa katikati ya vijana wakubwa, na hakuna anayetazama umri ulioandikwa kwenye kasha la diski. Wazazi wengi hugundua habari hiyo pale chenji ya mkate inapoanza kupungua.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Televisheni. Iangalie nyuma: ina tundu la HDMI (lile bapa la televisheni za kisasa), au ina matundu matatu tu ya rangi nyekundu, nyeupe na njano? Jibu hilo ndilo litakaloamua mashine.
- Mashine yenyewe (Hatua ya 2).
- Maneti mbili. Si moja. Ukinunua moja umenunua ugomvi.
- Kebo ya HDMI, na kebo ya kuchajia kila maneti.
- Stabilizateri ya umeme (kifaa cha kusawazisha volti) na ralonji (waya wa kurefushia umeme) nzima, isiyo na waya uliofungwa kwa skochi (tepu).
- Diski 2 au 3, zisizidi hapo kwa kuanzia.
- Daftari na kalamu. Utaona kazi yake mbele.

Hatua ya 1: Patana na mwenzako

Baba na mama mkae kwanza wawili, watoto wakiwa wamelala. Mkubaliane siku za kucheza na michezo isiyoruhusiwa. Kama kambo (babu au bibi) anaishi nanyi, aambiwe naye, kwa sababu mtoto aliyekataliwa na mama ataenda kwa baba, na aliyekataliwa na wote wawili ataenda kwa kambo.

Hatua ya 2: Chagua mashine

PS2, yaani PlayStation ya pili, ilitoka 2000. Ni ya bei ndogo, inafungwa kwa kebo ya rangi tatu, kwa hiyo inakubali hata televisheni ya zamani yenye kichogo. Ubaya wake ni jicho linalosoma diski: limechoka kwa mashine nyingi zilizobaki sokoni.

PS3 ya 2006 ina matundu yote mawili, HDMI na lile la kebo ya rangi tatu. Kwa nyumba yenye televisheni ya zamani inayotarajia kununua mpya, hii ni daraja zuri.

PS4 ya 2013 ndiyo ninayomshauri mzazi anayeanza leo. Diski zake za mitumba zimejaa mjini, mafundi wanaijua, na maneti zake zinapatikana. Inatoa picha kwa HDMI tu, kwa hiyo usiinunue kabla ya kuitazama televisheni yako.

PS5 ya 2020 iache kwanza. Ukilazimika kuinunua, hakikisha ina mlango wa diski. Kuna aina isiyo na mlango, ambayo kila mchezo lazima ushushwe kwa intaneti, na mchezo mmoja unaweza kula makumi ya gigabaiti. Kwa bei ya mega (data ya intaneti) hapa kwetu, hiyo ni hasara ya kila mwezi.

Nintendo Switch ya 2017 ni nzuri sana kwa watoto wadogo, lakini kupata michezo yake hapa si rahisi kama diski za Play. Na simu? Simu inamfaa mtu mmoja aliyeinamisha kichwa. Mwongozo huu ni wa watu wanaokaa upande mmoja wakitazama kioo kimoja.

Mashine ya mitumba ijaribu palepale kwa muuzaji. Weka diski, cheza dakika 20 nzima, usikubali kuonyeshwa picha ya mwanzo tu. Sikiliza feni: ikipiga kelele ya kuruka angani, ndani kuna vumbi au joto halitoki. Bonyeza kila kitufe cha maneti. Kisha mwambie aondoe akaunti yake na namba yake ya siri mbele yako, maana ukifika nyumbani na namba ya mtu mwingine hutaweza kufunga vizuizi vya watoto.

Onyo: utaahidiwa mashine iliyokrakiwa (iliyovunjwa kinga ili ikubali michezo isiyo halali), yenye michezo 20 tayari ndani. Mashine hiyo ukiisasisha inaweza kupoteza yote, ukiiunganisha na mtandao wa Sony, watengenezaji wa Play, inaweza kufungiwa, na michezo iliyomo humo mara nyingi imechanganywa ya watoto na ya watu wazima bila kasha wala alama ya umri. Kwa nyumba yenye watoto, diski 3 halali zinashinda michezo 20 ya namna hiyo.

Hatua ya 3: Linda mashine na umeme

Hapa ndipo Play nyingi za Lubumbashi zinapokufa. Umeme wetu ni wa volti 220, na PS4 imetengenezwa kupokea volti 100 hadi 240, kwa hiyo ukishuka kidogo haitaumia. Kinachoiunguza ni umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika.

Chomeka stabilizateri kwenye prizi (soketi) ya ukutani, kisha ralonji kwenye stabilizateri, kisha televisheni na Play kwenye ralonji. Usichanganye na resho (jiko la umeme), pasi wala friji kwenye ralonji hiyo. Stabilizateri ya VA 1000 (kipimo cha nguvu yake) inatosha kwa televisheni na Play.

Umeme ukikatika, mmoja wenu achomoe mara moja. Ukirudi, subirini dakika 5 utulie ndipo mchomeke. Mpe kazi hiyo mtoto mwenye umri wa kutosha na umfundishe vizuri. Kwa kawaida ndiye atakayekuwa mwangalifu kuliko wote.

Kuanzia Oktoba hadi Aprili, mvua na radi za Lubumbashi hazina mzaha. Mngurumo wa kwanza ukisikika, zima na uchomoe, pamoja na kebo ya antena au ya dishi. Mechi haina thamani ya televisheni.

Na usiiache PS4 katika hali ya kulala, ile yenye taa ya rangi ya chungwa. Mtoto ataona imezimika, kumbe bado inafanya kazi. Umeme ukikatika hapo, hifadhi yake inaweza kuvurugika. Wafundishe wote kuchagua kuzima kabisa kwenye menyu, kisha kungoja taa ipotee.

Wenye betri na sola: PS4 Slim na televisheni ya LED ya inchi 32 kwa pamoja hula takriban wati 130 hadi 150 wakati wa mchezo. Betri ya volti 12 na Ah 100 ina wati-saa 1200, lakini betri ya madini ya risasi usiitumie zaidi ya nusu. Ukitoa na umeme unaopotea kwenye inverta, utapata kama saa 3 na kitu. Hesabu na taa za usiku, mtoto asije akamaliza betri kwa mechi na mama akapikia gizani.

Hatua ya 4: Mahali pa kuweka

Sebuleni. Si chumbani kwa watoto, hata kama wanaomba kwa machozi, hata kama sebule ni ndogo na wageni huja. Mashine iliyoko chumbani huchezwa usiku wa manane, tena peke yako, na mambo yote mawili ndiyo tunayoyakimbia.

Iweke juu ya meza, pande zote zikiwa wazi ili hewa ipite. Kuanzia Mei hadi Septemba vumbi jekundu la kiangazi huingia kila mahali. Ifunike kwa kitambaa ikiwa imezimwa na imepoa, na ukifunue kila mnapocheza. Kitambaa kilichosahauliwa juu ya mashine inayofanya kazi kinaichemsha. Watoto wakae mbali na kioo, mita 2 ni nzuri, na taa ya chumba iwe inawaka.

Hatua ya 5: Funga milango kabla ya kuwaita watoto

Fanya hili ukiwa peke yako. Menyu nyingi hapa ziko kwa Kifaransa, kwa hiyo nataja majina yanavyoonekana kwenye kioo cha PS4.

1. Tengeneza mtumiaji wako (jina lako la kuingilia kwenye mashine), kisha mtumiaji mmoja kwa kila mtoto. Mtumiaji wako mwenyewe usiwape watoto.
2. Ingia «Paramètres», kisha «Contrôle parental/Gestion de la famille».
3. Fungua vizuizi vya mfumo wa PS4. Utaulizwa namba ya siri. Ile ya kiwandani ni 0000. Ibadilishe siku hiyohiyo, kwa sababu watoto wa shule wanaijua.
4. Weka kiwango cha umri kwa watumiaji wasio na akaunti ya mtandao.
5. Zuia kutengeneza mtumiaji mpya na kuingia kama mgeni. Wengi huiruka hatua hii, mtoto anatengeneza mtumiaji mwingine na vizuizi vyote vinakuwa bure.

Hatua ya 6: Chagua michezo kwa alama ya umri

Diski zinazotoka Ulaya zina alama ya PEGI kwenye pembe ya kasha: 3 na 7 kwa kijani, 12 na 16 kwa rangi ya chungwa, 18 kwa nyekundu. Alama hizo zilianza 2003. Zinazotoka Marekani zina herufi: E kwa wote, T kwa vijana wa miaka 13 na kuendelea, M kwa miaka 17 na kuendelea. Namba hiyo haielezi ugumu wa mchezo. Inaeleza damu, matusi, hofu na uchi uliomo.

Muuzaji atakuambia Grand Theft Auto V ni mchezo wa magari. Ni PEGI 18. Mortal Kombat nayo ni PEGI 18. Tekken 7 ni 16. Kama kasha halipo, andika jina la mchezo kwenye simu pamoja na neno PEGI kabla ya kulipa.

Mpira ndio utaanza nao, hapa ni mji wa Mazembe na Lupopo, hakuna haja ya kubishana. Michezo ya FIFA ya miaka ya nyuma ni PEGI 3, diski zake ni za bei nafuu na mechi ya kawaida inachezwa bila intaneti. FIFA 23 ndiyo ya mwisho kwa jina hilo. Tangu 2023 mchezo huo unaitwa EA Sports FC. PES, mchezo mwingine wa mpira, nayo ilibadilishwa jina 2021 ikawa eFootball, ya bure, ila inategemea sana intaneti, kwa hiyo kwa nyumbani tafuta diski ya PES ya zamani. PES ina sehemu ya «Édition» ambapo unabadilisha jina la timu. Wape watoto kazi ya kutengeneza Mazembe ya nyeusi na nyeupe, kila mchezaji na jina lake. Watakaa kwa amani jioni nzima, na tahajia zao zitafaidika.

Lakini usiishie kwenye mpira. Mpira unawapanga watu kushindana, na nyumba inahitaji pia michezo ya kushirikiana. Rayman Legends, PEGI 7, inachukua hadi watu 4: mnakimbia pamoja, mmoja akianguka mwenzake anamfufua. Overcooked, PEGI 3, ni jiko ambalo watu hadi 4 wanakata, wanapika na kuosha vyombo kwa haraka. Bila kusemezana mnashindwa wote. Michezo mingi ya LEGO inaruhusu wawili, mkubwa na mdogo, bila adhabu kali ya kufa. Kwa mzazi na kijana wake wa miaka 12 au zaidi kuna It Takes Two, iliyotengenezwa kwa watu wawili tu. Haichezwi na mmoja. Ukiniuliza diski ya kwanza baada ya mpira ni ipi, nasema Rayman.

Hatua ya 7: Jifunze wewe

Wazazi wengi wanakwama hapa kwa aibu. Watoto wanacheza haraka, wewe unatafuta kitufe. Chukua jioni moja watoto wakiwa hawapo na ujifunze mambo haya machache.

Kidole gumba cha kushoto kinaongoza mchezaji kwa fimbo ya kushoto. Cha kulia kinakaa kwenye vitufe vinne: X, duara, mraba, pembetatu. Katika FIFA ya kawaida, X ni pasi, duara ni kupiga goli, mraba ni krosi, pembetatu ni pasi ya kupenyeza. L1, kitufe cha mbele kushoto, inabadilisha mchezaji ukiwa huna mpira, R2, cha mbele kulia, ni mbio. Katika PES, mraba ndio wa kupiga goli na duara ndilo la krosi, na mbio ni R1. Ndiyo sababu mtu aliyezoea moja, akicheza nyingine anapiga krosi akiwa mbele ya kipa.

Anza na vitu viwili tu, fimbo na X. Pasi tu, mechi nzima. Mbio ziongeze siku nyingine.

Kisha usianze kwa kupambana na mtoto. Kwenye sehemu ya kuchagua upande, sogezeni maneti zote mbili upande mmoja, mcheze nyinyi wawili dhidi ya mashine katika kiwango cha chini kabisa, «Débutant». Mtoto atakuelekeza: «Papa, nipe mimi! Mama, rudi nyuma!» Mwache akuelekeze. Mtoto wa darasa la nne anayemfundisha mzazi wake kitu, kwa uvumilivu, anakua mbele ya macho yako, na hutapata nafasi nyingi za kuliona jambo hilo.

Hatua ya 8: Hesabu mechi, usihesabu dakika

Kama utashika kitu kimoja katika mwongozo huu, shika hiki. Ukimwambia mtoto «dakika 5 zimebaki» naye yuko dakika ya 80 na matokeo ni 1-1, atalia, na ana haki yake. Umemkatia katikati kitu ambacho hakina katikati. Mwambie «mechi 2 zimebaki» na mwisho utakuja wenyewe, refa atapuliza, hutakuwa wewe mbaya.

Katika mipangilio ya FIFA weka kila kipindi dakika 4. Mechi nzima, pamoja na mapumziko na marudio ya magoli, itachukua kama dakika 12. Kwa hiyo mechi 4 ni karibu robo tatu ya saa. Kwa Rayman hesabu ngazi, kwa Overcooked hesabu jiko moja moja.

Andikeni sheria kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, watoto wenyewe waandike kwa mkono wao. Za nyumbani kwetu zinafanana na hizi:

- Jumatatu hadi Alhamisi hakuna Play. Ijumaa jioni, Jumamosi na Jumapili baada ya ibada, ndiyo. Vakansi (likizo) ya Julai na Agosti mnapanga upya.
- Kazi za shule na kazi za nyumba kwanza.
- Bukari ikifika mezani, hakuna mechi mpya. Iliyoanza inamaliziwa.
- Kutukana au kutupa maneti kunafunga siku nzima kwa aliyefanya hivyo, si kwa wote.
- Mechi ikiisha mnapeana mkono.

Kuhusu kiasi: Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linasema mtoto chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa 1 kwa siku, katuni zikiwemo. Kwa wakubwa, kijitabu cha PS4 kinashauri mapumziko ya dakika 15 kila saa. Watoke nje, wanywe maji, watazame mbali. Na kama mtoto anakodoa macho, anatikisika au anapotewa na fahamu mbele ya taa zinazomweka, zima na umpeleke kwa daktari, kwa sababu kuna kifafa kinachoamshwa na mwanga.

Onyo: usiifanye Play adhabu ya kila kosa. Aliyevunja sahani aadhibiwe kwa habari ya sahani. Ukikata Play kwa kila jambo, mtoto ataanza kuiona kuwa ndicho kitu chenye thamani kuliko vyote nyumbani, na wewe ndiye utakayekuwa umemfundisha hivyo.

Hatua ya 9: Zamu

Katika vyumba vya kartie sheria ni «mshindwa anatoka». Nyumbani usiikubali. Mkubwa atakaa na maneti mchana kutwa, mdogo atacheza mechi moja kwa saa na kamwe hatajifunza. Andika majina kwenye daftari. Kila mtu mechi 2, ashinde ashindwe, kisha anapisha. Mkubwa akitaka changamoto, achukue timu dhaifu na mdogo achukue ile kali.

Na wasichana wako. Nimeona nyumba nyingi ambako wavulana wanacheza na dada yao yuko jikoni anasonga, halafu watu wanasema wasichana hawapendi Play. Hajapewa nafasi ya kuipenda. Jina lake liandikwe kwenye daftari sawa na ya wengine, na kazi za jikoni ziwe na zamu hiyohiyo, wavulana wakiwemo. Mpe diski achague yeye siku moja kwa wiki.

Hatua ya 10: Intaneti, kwa kipimo

Miezi ya kwanza usiunganishe kabisa. Diski zinacheza bila mtandao. Siku utakapounganisha kwa simu yako, zima kwanza usasishaji wa kujiendesha, la sivyo forfe (bando) yote itaisha kabla hujafungua mchezo. Zuia mazungumzo na watu msiowajua. Na kadi ya benki usiiache imehifadhiwa kwenye mashine. Tangu 2018 PEGI ina alama ya michezo yenye kuuza vitu ndani yake, na FIFA za karibuni ni mojawapo. Kwenye simu ni hivyohivyo: namba ya siri ya M-Pesa au Airtel Money mtoto asiijue.

Mambo yakikwama

*Picha haitoki.* Angalia kama televisheni iko kwenye HDMI sahihi, kisha badilisha kebo. Bado? Zima PS4, bonyeza kitufe cha kuwasha na ukishikilie kama sekunde 7 mpaka mlio wa pili. Unganisha maneti kwa kebo na uchague namba 2, ya kubadilisha ukubwa wa picha.

*Baada ya umeme kukatika mashine inalalamika au imekuwa nzito.* Ikianza kukagua hifadhi yenyewe, iache imalize. Ikibaki nzito, ingia kwa njia hiyohiyo ya sekunde 7 na uchague namba 5, ya kujenga upya orodha ya data. Haifuti michezo. Namba 6 na 7 usiziguse, hizo zinafuta.

*Maneti haishiki.* Iunganishe kwa kebo na ubonyeze kitufe cha PS cha katikati. Kebo ya maneti ya PS4 ni ileile ya simu za Android za zamani, lakini nyingine hupitisha umeme tu bila data, kwa hiyo jaribu tofauti. Mwisho, nyuma ya maneti karibu na L2 kuna tundu dogo: ingiza pini, bonyeza sekunde chache, unganisha tena.

*Mchezaji anatembea mwenyewe.* Fimbo imechoka. Fundi anaibadilisha, si lazima kununua maneti mpya.

*Mashine inanguruma na kuzimika.* Joto. Izime, ipulize matundu, ipeleke kwa fundi aifungue na kuisafisha mara moja kwa mwaka, baada ya kiangazi.

*Watoto wa jirani wamejaa sebuleni.* Wakaribishe, lakini majina yao yaingie kwenye daftari na sheria ni zilezile. Mechi za siku zikiisha, mashine inazimwa hata kama mgeni hajacheza. Kesho anaanza yeye. Na mwambie mama yake kwamba yuko kwako.

*Alama za shule zimeshuka.* Usiuze mashine kwa hasira. Tazama kwanza saa ya kulala, maana mara nyingi tatizo liko hapo. Punguza mechi hadi matokeo ya kipindi kijacho, na umwambie mtoto hesabu hiyo kabla, si baada.

*Anaficha, anadanganya, hataki tena kula na wengine wala kwenda kucheza nje, na hali hiyo inaendelea miezi.* Hilo si suala la sheria za daftari tena. Tangu 2022 uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani unautambua ulevi wa michezo kama tatizo la afya. Zungumza na daktari, bila kumwaibisha mtoto mbele ya ndugu zake.

*Mtoto mmoja hapendi kabisa.* Asilazimishwe. Mpe utangazaji: akae kando, atangaze mechi kwa sauti ya redio, ataje majina yaliyoko kwenye timu yenu. Akikataa hilo pia, zamu yake mpe muda uleule wa jambo analolipenda yeye, awe na baba au mama pembeni yake kama wengine walivyo.